Ujumbe wa "simu zote zinarekodiwa": namna ya kuupima, na namna ya kukagua simu yako

Ujumbe wenyewe unaufahamu. Unaanza na "Kuanzia kesho kutakuwa na kanuni mpya za mawasiliano", kisha inafuata orodha: simu zote zitarekodiwa, rekodi zote zitahifadhiwa, WhatsApp na Facebook zitafuatiliwa, simu yako itaunganishwa na mfumo wa wizara. Halafu zinakuja tiki. Mbili za buluu na moja nyekundu, serikali inaweza kukuchukulia hatua. Tatu nyekundu, subiri samansi. Mwisho unaombwa uwatumie wazazi, watoto, ndugu na marafiki wote. Umezunguka Asia na Afrika kwa miaka mingi, na kila ukivuka mpaka kinachobadilika ni jina la wizara.

Aliyeuamini huacha kuandika chochote kwenye kundi la ukoo, huku WhatsApp yake iko wazi kwenye kompyuta ya duka alikoprinti CV mwezi uliopita. Mwongozo huu una sehemu mbili: kwanza kuupima ujumbe au habari ya aina hiyo, kisha kukagua simu mahali ambapo hatari ipo kweli.

Kuupima ujumbe

Anza na tarehe. "Kesho" ya lini? Ujumbe usiotaja siku hauzeeki, ndiyo maana hurudi kila baada ya miezi michache ukiwa mbichi. Kanuni ya kweli hutaja siku inapoanza kutumika.

Kisha tazama mishale iliyo juu ya ujumbe. WhatsApp huweka mshale mmoja kwa ujumbe uliosambazwa, na mishale miwili kwa ule uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa mishale miwili unaweza kutumwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Kwa hiyo binamu akikuambia "nimepewa na mtu wa ndani wizarani" na ujumbe una mishale miwili, jua ameupokea kama ulivyoupokea wewe. Mishale isipokuwepo pia si ushahidi wa ukweli, kwani mtu akinakili maneno na kuyabandika upya alama haitokei.

Tatu, tiki. Tiki moja ya kijivu ina maana ujumbe umetoka kwenye simu yako. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu ya mwenzako. Mbili za buluu, ameufungua. Basi, hakuna ya tatu wala nyekundu. Rangi hiyo inachorwa na programu ndani ya simu yako baada ya kupata taarifa kutoka simu ya upande wa pili. Wizara haimo katika safari hiyo, na hata ingekuwemo, mtu anayekupeleleza hana sababu ya kukupigia honi.

Nne, uliza ujumbe ungesomwaje. Tangu Aprili 2016 WhatsApp husimba ujumbe mwisho hadi mwisho: unafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na funguo zinakaa kwenye simu hizo. Mtu aliyekaa katikati, awe kampuni ya simu au ofisi ya serikali, anaona furushi lililofungwa. Anayetaka kilichomo lazima aifikie simu yako, au ya uliyemwandikia, au nakala iliyohifadhiwa mahali pengine. Hapa pana hatari za kweli, na tutarudi kwazo. Telegram isiwekwe kapu moja na WhatsApp: magumzo yake ya kawaida hayana usimbaji wa aina hii, ila yale ya siri unayoyafungua mwenyewe.

Mwisho, dai namba ya kanuni. Kenya, kanuni hutangazwa kwenye Kenya Gazette. Tanzania, huchapwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya GN (tangazo la serikali). Ujumbe wenye kanuni kumi na mbili za kutisha na hauna hata namba moja ya tangazo, hiyo ni "nasikia". Chukua sentensi yake ya kwanza, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, ongeza neno PesaCheck au Africa Check, mashirika ya kuhakiki habari. Mara nyingi utakuta ulishachambuliwa zamani.

Kusoma habari za kweli zilizoongezwa chumvi

Hapa ni pagumu zaidi, maana habari inaweza kuwa sahihi na bado ikakupotosha. Tafuta kitenzi. "Serikali kufuatilia mitandao" haikuambii kitu: je, imependekeza, imepeleka mswada, imetangaza zabuni, imetoa agizo, au mahakama imeamua? Zabuni ya mtambo haina maana kwamba mtambo umewashwa. Mswada si sheria.

Kisha tafuta hatua ya mwisho. Chukua mfumo wa kusimamia vifaa, DMS, ambao Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitaka kuuunganisha na mitandao ya kampuni za simu kwa maelezo kwamba unalenga simu bandia. Mwaka 2017 habari zilikuwa kwamba serikali inakuja kusikiliza simu za watu. 2018 Mahakama Kuu ikauzuia. 2020 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Kila kichwa cha habari kilikuwa na chembe ya kweli kwa siku yake. Aliyesoma cha 2018 akafunga ukurasa, hadi leo anaamini mambo yaliishia pale.

Huduma Namba, mpango wa Kenya wa kumsajili kila mtu kwa namba moja ya utambulisho, ni mfano mkali zaidi. Wakati wa usajili wa 2019 mazungumzo mengi mitaani na makanisani yalihamia kwenye 666 na alama ya mnyama. Jambo lililostahili kelele lilikuwa limelala ndani ya marekebisho ya sheria ya 2018: yaliruhusu kukusanywa kwa vinasaba, yaani DNA, na viwianishi vya GPS vinavyoonyesha makazi ya mtu yalipo. Waliosoma maandishi hayo walikwenda mahakamani, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikavifuta vipengele hivyo viwili na kusema mfumo usiendelee bila sheria inayofaa ya kuulinda. Waliosambaza 666 hawakugusa hata koma moja ya sheria hiyo. Ukiona hofu kubwa imezuka, omba maandishi yenyewe, uende kwenye vifungu vinavyotaja nini kinakusanywa, nani anaruhusiwa kukiona na kwa muda gani.

Kinachoonekana kweli

Kampuni ya simu ina kumbukumbu za kila simu na SMS: namba mbili, saa, muda wa maongezi, na mnara uliohudumia. Mjini, minara iko karibu karibu, kwa hiyo kumbukumbu hizo zinaonyesha mtaa. Kijijini zinaonyesha eneo la kilomita kadhaa. Yanayosemwa ndani hayahitajiki ili kujua nani yuko karibu na nani. Mei 2014 tovuti ya The Intercept, ikitumia nyaraka za Edward Snowden, aliyevujisha siri za upelelezi wa Marekani, iliripoti kuwa Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za aina hii kutoka mtandao wa simu wa Kenya kupitia mpango ulioitwa MYSTIC.

Laini yako imefungwa kwenye kitambulisho na, Tanzania, kwenye alama ya kidole. Mtandao pia hurekodi laini pamoja na IMEI, namba ya kifaa chenyewe (piga *#06# uione). Ndiyo maana kununua laini mpya na kuichomeka kwenye simu ile ile hakukufichi: laini mbili zinabaki zimeandikwa dhidi ya kifaa kimoja.

SMS na simu za kawaida zinaweza kusikilizwa, na kisheria hilo hufanyika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, si kwenye simu yako. Kwa hiyo haliachi dalili. Mwangwi, "tik tik" au sauti kukatika kwa kawaida ni mtandao mbovu.

Programu za upelelezi kama Pegasus ya NSO Group ya Israel zipo, na nyingine huingia bila hata wewe kubonyeza kitu. WhatsApp ilisema watu wapatao 1,400 walilengwa mwaka 2019. Desemba 2021 Reuters iliripoti kuwa simu za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wakishughulikia masuala ya Uganda, zilidukuliwa kwa programu hiyo. Angalia aina ya watu: wanadiplomasia, wanahabari, mawakili, wapinzani. Zana hizi huuzwa kwa mikataba ya mamilioni ya dola na kila matumizi yanahatarisha kuziumbua. Kama humo katika makundi hayo, mpelelezi wako wa kawaida ni mtu anayejua PIN ya simu yako, na "ushahidi" wa kawaida ni picha ya skrini iliyopigwa na mwanakundi mwenzako. Usimbaji wowote unaishia pale anapokaa msaliti.

Kukagua simu: nusu saa inatosha

*Kuelekezwa kwa simu.* Kuna imani kwamba *#21# inaonyesha kama unasikilizwa. Haionyeshi. Inauliza mtandao swali moja tu: je, simu zinazoingia zimeelekezwa kwenye namba nyingine? Hata hivyo swali hilo lina maana, kwa sababu matapeli wanautumia uelekezaji huo. Piga kama unavyoangalia salio. Kama una laini mbili, rudia kwa kila moja:

- *#21# : simu zote zinapelekwa kwingine?
- *#67# : zinapelekwa ukiwa unaongea?
- *#61# : zinapelekwa usipopokea?
- *#62# : zinapelekwa simu ikiwa imezimwa au haina mtandao?

Majibu huja kama orodha: sauti, data, faksi, SMS, na kila moja ikisema haijaelekezwa. Kwenye *#62# na *#61# watu wengi hukuta namba wasiyoijua wakaishiwa pumzi. Mara nyingi ni namba ya kampuni ya simu yenyewe, ya ujumbe wa sauti au ya taarifa za simu ulizokosa. Piga huduma kwa wateja uwasomee namba hiyo. Ukikuta namba ya kawaida ya mtu kwenye *#21#, hilo ni tatizo. Ujumbe wa "tatizo la muunganisho au msimbo si sahihi" maana yake mtandao haukubali msimbo huo, wala si dalili ya kitu.

Kufuta yote ni ##002#. Madhara yake: taarifa za simu ulizokosa nazo zinaweza kukatika hadi uombe zirudishwe.

Utapeli wenyewe huenda hivi. Mtu anajifanya wa huduma kwa wateja, anakwambia "ili tuboreshe laini yako, bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota", halafu namba, halafu reli (#). Namba iliyo kati ya nyota ya mwisho na reli ndiyo itakayopokea simu zako. Akishapata hapo, anasajili WhatsApp yako kwenye simu yake, anachagua kupewa msimbo kwa kupigiwa, na simu inalia kwake.

*Vifaa vilivyounganishwa.* Fungua WhatsApp, vidoti vitatu juu kulia (iPhone: mipangilio), Vifaa vilivyounganishwa. Hadi vifaa vinne vinaweza kuwa hapo, na vinafanya kazi hata simu yako ikiwa imezimwa. Utaona mstari kama "Google Chrome (Windows), ilitumika mwisho leo 10:12". Hukuwa kwenye kompyuta leo? Bonyeza mstari huo na uutoe. Mkosaji mkuu ni duka la kuprinti: unafungua WhatsApp Web ili utoe faili, unalipa, unaondoka, kikao kinabaki. Usitegemee kijifunge chenyewe; WhatsApp huviondoa vifaa hivyo simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, na wewe unaitumia kila siku. Afadhali utume faili kwa barua pepe ya duka.

*PIN ya tarakimu sita.* Ndani ya Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke barua pepe ya kurejesha. Bila barua pepe, ukisahau PIN utasubiri siku 7. Kama akaunti imeshaibwa, sakinisha WhatsApp upya, weka namba yako, ingiza msimbo wa SMS: mwizi hutolewa papo hapo, hata kama ameweka PIN yake na wewe unalazimika kungoja siku hizo 7. Lakini futa kwanza uelekezaji wa simu, la sivyo atarudi.

*Nakala za magumzo.* Hili hupuuzwa. Ujumbe umesimbwa njiani, ila nakala inayokwenda Google Drive au iCloud haijasimbwa kwa namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe. Uwezo huo upo tangu Oktoba 2021. Ingia Magumzo, Nakala rudufu, washa usimbaji, chagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Uandike kwenye karatasi. Ukipoteza simu na nenosiri kwa pamoja, nakala imekwenda, wala WhatsApp wala Google hawawezi kukufungulia.

*Laini zilizosajiliwa kwa jina lako.* Piga *106#, Tanzania au Kenya, ufuate menyu. Ukikuta namba usiyoijua, huenda wakala alikuambia "kidole hakijasoma, weka tena" huku akisajili laini ya pili. Nenda dukani kwa kampuni husika na kitambulisho ukaifute, na uombe uthibitisho wa maandishi.

*Programu iliyopandikizwa na mtu wa karibu.* Kwenye Android fungua mipangilio, tafuta "ufikivu", tazama programu zilizopewa ruhusa hapo. Kisha wasimamizi wa kifaa, kisha ufikiaji wa arifa. Jina la kawaida kama "Huduma ya Mfumo" lenye ruhusa zote tatu, na hukumbuki kulisakinisha, linatia shaka. Endesha Play Protect, kikagua programu cha Google, ndani ya Play Store. Angalizo: kama unaishi na mtu mwenye ukali, usiifute haraka. Aliyeiweka atajua siku hiyo hiyo. Tafuta kwanza mahali salama na mtu wa kukusaidia, ukitumia simu nyingine.

*2G.* Vifaa vinavyojifanya mnara hupenda kuishusha simu hadi 2G, ambako ulinzi ni dhaifu. Baadhi ya simu za Android 12 kwenda juu zina swichi ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Ukienda shamba ambako 2G ndiyo pekee, iwashe tena, au utalaumu kampuni ya simu bure.

Kama kazi yako inakuweka katika lile kundi la wanaolengwa, sasisha simu siku sasisho linapotoka, izime na kuiwasha kila siku (programu nyingi za upelelezi hazihimili kuzimwa, ingawa zinaweza kurudi), na kwenye iPhone yenye iOS 16 au zaidi washa hali ya kujifungia (Lockdown Mode), ambayo Apple iliileta mwaka 2022. Access Now wana dawati la msaada kwa wanahabari na wanaharakati.

Visivyostahili muda wako

Matangazo yanayofanana na uliyokuwa ukiyaongea. Watafiti wa Northeastern University walipima zaidi ya programu 17,000 za Android, matokeo yakatoka 2018: hawakukuta programu iliyowasha maikrofoni kisirisiri, ila walikuta nyingine zilizorekodi skrini na kuituma kwingine. Matangazo yanakujua kwa unachotafuta, ulipo na unaokaa nao. Ukitaka uhakika, Android 12 kwenda juu huonyesha alama ya kijani pembeni maikrofoni au kamera inapotumika; iPhone huonyesha kidoti cha chungwa kwa maikrofoni.

Betri kupata moto: TikTok, jua, au betri kuukuu. VPN nayo inatarajiwa mno. Inamficha mtoa huduma tovuti unazofungua, na kuzihamishia kwa mwenye VPN, ambaye kama ni ya bure anakula kupitia wewe. Mtoa huduma bado anaona kwamba unatumia VPN, na kwa Tanzania kumbuka tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji kujisajili.

Kujibu kwenye kundi

Usimsute mtu mzima hadharani. Mpigie kwanza aliyetuma, au mwandikie pembeni, kisha weka kundini maneno mafupi yasiyonakili ule ujumbe, kwa sababu ukiunakili unausambaza upya:

"Shikamooni. Ujumbe wa tiki nyekundu ni wa zamani na si wa kweli, WhatsApp haina tiki hizo. Jambo la kufanya leo: fungueni Vifaa vilivyounganishwa, mtoe kompyuta msiyoijua. Mama mkubwa, nikija Jumamosi nitakuangalizia yako. Msiutume tena tafadhali."

Jumamosi, anza na *106#. Ndiko wazee wengi hukuta laini ya tatu.